Kitambaa Chekundu Kwenye Usukani

Tarehe 2 Machi

Imefika! Mota ya usukani imefika, nzima, haina hata mkwaruzo, na nimeibeba mwenyewe kichwani kutoka ofisi ya mizigo hadi nyumbani, katikati ya barabara, makusudi, ili kila mwenye macho aone mwanangu amenitumia nini!

Haya, sasa salamu, nisije nikaonekana sina adabu. Hujambo, kifungua mimba wangu? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kimeachia? Unakula, au bado unakunywa chai tu ukisema umeshiba? Mimi sijambo, magoti ndiyo yananisema nikikaa sana kwenye cherehani, lakini sare za shule hazijishoni. Baba yako hajambo. Mkono wake wa kushoto ni ule ule: unashika kikombe, haushiki mzigo.

Mama wa duka alitoka mpaka nje kuniangalia. Akaniuliza, “Jirani, hiyo ni mashine ya kusaga?” Nikamwambia, “Hii inakaa katikati ya usukani wa ile pikipiki yetu ya magurudumu manne. Ina umeme wake. Wewe unaugusa usukani kidogo tu, yenyewe inamalizia.” Akasema, “Kama mume mwelewa?” Nikamjibu, “Bora hii, haikoromi.” Tukacheka mpaka nikataka kuidondosha.

Niliifungua kibarazani mbele ya baba yako. Alikuwa na gazeti lake. Akaitazama kwa jicho moja, jingine likabaki kwenye habari.

“Nani kaleta?” Na anajua nani kaleta.

“Mwanao.”

Akafunua ukurasa. “Mimi sipandi tena kitu kilichopita kwenye mkono ule. Wangu mmoja nimeshautoa. Huu uliobaki nalia chakula.”

Usiumie. Maneno ya baba yako ni kama chai yake, yanamiminwa yakiwa moto, yanapoa yakiwa mezani. Lakini lazima nikueleze ilivyo: kamati ya maji imempa mpaka mwisho wa Juni. Kama hawezi kumpanda Kaidi, hiyo pikipiki yetu, afuate bomba mpaka kwenye chanzo kule juu, kazi ya bomba anapewa mwingine, na yeye anabaki ofisini kuandika namba za mita. Miaka ishirini analijua bomba lile kuliko anavyonijua mimi. Ukimweka kwenye kiti atanyauka.

Kwa hiyo itafungwa, na nitaifunga mimi. Mchomeleaji wetu, Cheche, atanisaidia pale panapotaka nguvu. Wewe niandikie hatua kwa hatua, pole pole, kama unamwandikia mtu aliyeishia darasa la saba na anajivunia. Usinipigie. Kwenye simu nyumba nzima inasikia. Barua ni ya mimi na wewe.

Baba yako mdogo alipita jioni, akaiona, akasema, “Shemeji, mwambie mwanao safari hii atume na kitambaa!” Wote waliokuwepo wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka, mwanangu. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Mama yako


Tarehe 11 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yako pia. Mimi sijambo, kifua kimepona. Nakula. Mwenye nyumba wangu ana mkono mzito wa chumvi, lakini nakula.

Nimefurahi imefika. Nimecheka kuhusu mume mwelewa, nikasoma kwa sauti karakana nzima ikacheka. Hapa wananiita Mara Mbili, kwa sababu kila nati naikagua mara mbili. Wanatania, lakini hakuna gari nililofunga mimi lililorudi.

Haya, fuata hivi. Kwanza toa betri, usiache hata waya mmoja. Pili, fungua makava ya plastiki ya mbele. Skrubu zake weka kwenye bakuli, usiziweke chini. Chini pana wivu, panapenda kumeza skrubu. Utaona bomba la chuma linashuka kutoka kwenye usukani mpaka chini katikati ya magurudumu. Hilo ndilo shina la usukani. Linatoka lote, na nafasi yake inachukuliwa na lile shina fupi lililokuja na mota: nusu juu ya mota, nusu chini yake.

Kabla ya kutoa chochote, nyoosha magurudumu yaangalie mbele kabisa. Chukua chaki, piga alama kwenye shina na kwenye chuma kilicho pembeni yake, ili ujue “mbele” ni wapi. Mota hii ina akili, lakini akili yake inaanzia pale utakapoiambia ndipo mbele. Ukiifunga ikiwa imepinda, itaendelea kuvuta upande mmoja maisha yake yote.

Breketi ya kushikilia mota, Cheche asiichomelee kwenye fremu. Ifungwe kwa bolti nne zilizomo kwenye boksi. Mwambie najua mkono wake unawasha.

Kuhusu baba, usimlazimishe. Ana haki. Na baba mdogo naye ana haki ya kucheka, mimi mwenyewe nisingekuwa mimi ningecheka.

Mpe baba shikamoo yangu, kama ataipokea.

Mwanao


Tarehe 20 Machi

Limetoka! Shina la zamani limetoka, refu kama mti wa ufagio, na limelala hapa chini ya meza yangu ya kushonea kana kwamba ni la mfalme.

Hujambo mwanangu? Sisi hatujambo, tumechafuka tu. Nina grisi mpaka kwenye nyusi. Mwalimu mkuu alikuja kuchukua sare, nikamwambia, “Nisamehe mikono, mwanangu ni fundi mkubwa, ananifundisha kwa barua.” Akauliza, “Kwa barua?” Nikamwambia, “Kuna watoto wanaofundishwa uso kwa uso na hawaelewi, Mwalimu.” Akachukua sare zake akaondoka.

Chaki nilipiga, lakini nisingeiamini chaki peke yake. Nilichukua utepe wangu wa kupimia, nikapima kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, mbele na nyuma, kama ninavyopima mabega ya mtu. Cheche akaniambia, “Mama, wewe ulikosea kazi.” Nikamjibu, “Sikukosea, nilimzaa aliyeipata.”

Alitaka kuchomelea, kweli kabisa, alikuja na miwani yake tayari. Nikamsomea barua yako. Akasema, “Ananijua huyu,” akairudisha miwani mfukoni. Bolti nne zimekaa.

Sasa sikia la baba yako. Siku ya kwanza alikaa kibarazani, mgongo kwetu. Siku ya pili kiti kikageuka kidogo. Jana Cheche alikuwa anahangaika na nati ya chini, anasema spana ya kumi na tatu haiingii, ya kumi na tano inateleza. Nikasikia nyuma yangu, “Kumi na nne. Hiyo ni kumi na nne tangu ilipozaliwa.” Nikageuka, ameinua gazeti mpaka juu ya pua. Lakini gazeti lilikuwa la wiki iliyopita, mwanangu, na alilishika kichwa chini.

Shikamoo yako nilimpa. Akasema, “Mwambie marahaba.” Ni neno moja, lakini ni la kwanza kwa miaka miwili.

Lete hatua za umeme. Nyaya hizi zimejikunja kama nyuzi za mtoto mjinga, ila nyuzi ndizo kazi yangu.

Mama yako anayekuringia


Tarehe 30 Machi

Shikamoo Mama,

Hamjambo nyumbani? Mimi sijambo. Nimeisoma ile marahaba mpaka karatasi imeanza kuchoka pale kwenye mkunjo.

Umeme ni hivi. Waya mnene mwekundu unakwenda moja kwa moja kwenye betri, na ile fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na mota. Mweusi unakwenda kwenye fremu. Kwangua rangi kwanza mpaka chuma king'ae, umeme haupiti kwenye rangi. Waya mwembamba wa njano unaunganishwa na swichi ya ufunguo, ili ufunguo ukizimwa na mota ilale. Ukiuacha uunganishwe na betri, asubuhi mtakuta betri imekufa na mtanisema.

Kisha zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, uangalie hakuna waya unaovutwa. Acha ulegevu, kama unavyoacha kwenye kwapa la shati. Siku ya kujaribu, Kaidi awe amesimama, magurudumu chini, injini imezimwa. Ufunguo ukiwashwa, msiuguse usukani mpaka mhesabu tano, kwa sababu mota inajipima.

Zinabaki zile nati mbili za tairodi, zile fito zinazosukuma magurudumu. Vipini vyake vya miguu miwili, vinavyopenya katikati ya nati ili isijifungue, nimeviweka humu kwenye kiberiti. Ni vile vile nilivyovinunua siku ile. Sikuwahi kuvitupa.

Mama, jambo la mwisho ndilo la kwanza. Kuanzia sasa fungeni kitambaa chekundu kwenye usukani. Kikiwepo, hapandi mtu, awe baba, awe mwenyekiti wa kamati. Na kazi ikiisha anakifungua yule yule aliyekifunga. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofanya siku zote isipokuwa ile moja.

Sijawahi kukuambia hili. Naiona mikono yangu ikikifunga. Kile ulichonipa wewe nilipoanza ufundi, ulichokipinda ukingo kwa uzi mweupe. Mafundo mawili, upande wa kushoto. Nakiona kabisa. Halafu narudi kutoka dukani na vipini mkononi, namkuta baba mtaroni, mkono umegeuka, na usukani hauna kitu. Picha zote mbili ni zangu, na haziwezi kuwa kweli zote mbili. Basi nimeamua kuiamini ile iliyoonekana na watu wote.

Mwezi uliopita mkuu wa karakana alitaka nisimamie zamu ya asubuhi. Nilikataa. Mtu asiyejua kama alifunga kitambaa hawezi kusimamia mikono ya wenzake. Usisikitike, nimezoea. Nilitaka tu ujue kwa nini nasisitiza.

Mwanao


Tarehe 25 Aprili

Shikamoo Mama,

Mbona kimya? Nimeuliza ofisi ya mizigo, wanasema barua yangu ilichukuliwa tarehe tano. Je, mnaumwa? Baba yuko salama? Mmefunga zile nati? Kama kuna hatua sikuieleza vizuri, kosa ni langu, niambie nitaiandika upya.

Tafadhali niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


Tarehe 9 Mei

Kitambaa ulikifunga. Mafundo mawili, upande wa kushoto, kama unavyokiona. Aliyekifungua ni mimi.

Salamu nimeziandika mara tatu nikazikata. Nitakuuliza hujambo kwa uso gani? Acha nimwage kwanza, utanisalimia ukitaka.

Siku ile nilikuwa nimealika watu. Wewe hukujua. Magurudumu yale mapana niliyataka mimi, unakumbuka ulisema yataufanya usukani uwe mzito, nikakuambia mafundi waoga hawatajiriki. Nilitaka watu waone Kaidi ya mume wangu imesimama kama gari la serikali, na aliyeisimamisha ni mwanangu. Baba yako mdogo, mama wa duka, Cheche, Mwalimu mkuu, wanawake wa kikundi changu cha kushona, wote niliwaambia saa kumi. Wewe ukatoka kwenda kununua vipini. Uliniambia kitu mlangoni, mimi nikawa nasema “Ndiyo, ndiyo” na huku nafuta vikombe.

Nikatoka nje kuangalia kama panapendeza. Palipendeza, isipokuwa kile kitambaa. Kilikuwa kimejaa grisi, kinaning'inia kama tambara la jikoni, na ni mimi niliyekishona, watu wangejua ni cha kwangu. Nikaona aibu. Nikakifungua, nikasema nitakifua mara moja, nitakirudisha kikiwa safi. Kinavyofanya kazi nilikuwa najua, mwanangu, nisikudanganye, uliniambia tangu mwaka wa kwanza. Lakini kwangu mimi kilikuwa cha karakana, cha magari ya watu. Sikufikiri kinasema na sisi.

Wageni wakafika mapema. Baba yako akarudi kutoka kazini, akaiona, akaizunguka akitabasamu. Baba yako mdogo akasema, “Kaka, tuonyeshe!” Baba yako akatazama usukani, mimi nilimwona akiutazama, kwa sababu na yeye anaijua alama yako. Pakawa peupe. Na mimi nikiwa pale kwenye beseni, mikono kwenye povu na kitambaa ndani ya povu, nikapaza sauti, “Waonyeshe, mume wangu!”

Hayo ndiyo maneno yangu. Si ya mtu mwingine.

Aliteremka mpaka kwenye kona ya mtaro, nati zisizo na vipini zikaachia. Unajua yaliyobaki. Ukatokea unakimbia na vipini kiganjani, wote wakakuuliza kitambaa kiko wapi. Ukautazama usukani. Ukasema, “Labda nilisahau.” Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua mdomo. Halafu baba yako akalia kwa maumivu, akakuita mzembe, na mbele yangu walikuwa wamesimama wale wote niliowaalika waje waone. Nikasema moyoni, kwanza hospitali, nitasema baadaye. Baadaye ikawa kesho. Kesho ukafunga begi. Nilikufungia mikate mwenyewe, nikakusindikiza, nikakwambia “Mungu akutangulie,” na kitambaa kilikuwa kimeanikwa nyuma ya nyumba.

Kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho iwe nzito zaidi. Nilijidanganya kwamba umesonga mbele, kwamba mjini huko umekuwa fundi mkubwa, hata pengine nimekusaidia. Nilikusifu kila mahali. Kadiri nilivyokusifu ndivyo nilivyojifunika. Kumbe huko wanakuita Mara Mbili, na mimi nikaisoma ile barua nikaringa nalo jina kwa watu, sikujua ni kovu.

Kitambaa ninacho. Kiko chini ya nguo zangu sandukuni, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Miaka miwili nakipiga pasi.

Nilipoiona ile habari ya zamu ya asubuhi nilizima cherehani nikakaa. Wiki tano nimekaa. Kwa Kaidi, nyaya tu ndizo Cheche amezimaliza, nati za tairodi hazijaguswa.

Nisamehe mwanangu.

Mama


Tarehe 2 Juni

Mama,

Shikamoo. Nakusalimia kwa sababu ndivyo ulivyonilea, na sijui njia nyingine ya kuanza.

Nimeisoma barua yako nikiwa chini ya gari. Nilibaki chini kwa muda. Mkuu wa karakana aliinama akaniuliza kama nimepata ajali.

Mwanzo nilifurahi, unaweza kuamini? Nilisema, basi mikono yangu haikunidanganya. Nilikwenda kwa mkuu nikamwambia nina akili timamu. Akasema hakuwahi kushuku. Kisha siku ya pili hasira ikaja, na nimeingoja ipungue ndipo niandike, haijapungua sana.

Mama, kuvunjika mkono kwa baba ni bahati mbaya. Ulikosea, na mimi pia niliacha nati nikaenda dukani, ningeweza kuutia ufunguo wa Kaidi mfukoni na sikuutia. Hilo nitalibeba, ni langu. Lakini nilipofunga begi ulikuwa unajua. Uliniwekea mikate. Nimeila ile mikate njiani nikijiambia angalau mama hanichukii.

Unaniomba msamaha kwenye karatasi. Karatasi naisoma mimi peke yangu. Ulipoficha walikuwepo watu, na baba akiwa katikati yao. Ulichoficha mbele ya watu usikifunulie ndani ya bahasha.

Sina zaidi. Zile nati msizikaze bila vipini, na kwa leo nakuomba usiwasifie watu habari zangu.

Mwanao


Tarehe 10 Juni

Nimemwambia baba yako!

Hujambo mwanangu? Ukinijibu au usiponijibu, nakuuliza, kwa sababu nataka kujua. Mimi nipo.

Nilimwambia asubuhi akiwa ananyoa ndevu. Nilichagua pale makusudi, nilijua hawezi kuondoka na povu usoni. Nikamwambia yote, tangu kuwaalika watu mpaka sandukuni. Wembe ulibaki hewani.

“Ulikifungua wewe,” akasema.

“Mimi.”

“Na ukaniambia nipande.”

“Mimi.”

“Na pale mtaroni, nilivyomtukana mtoto wangu, ulikuwa wapi?”

“Nyuma yako. Mikono ilikuwa na sabuni.”

Kumbe anaweza kuondoka na povu usoni. Alijifuta upande mmoja, akatoka na nusu ndevu, akapanda kwa miguu kufuata bomba. Sijui alifika wapi. Mchana alirudi, viatu vimejaa matope, akakaa kwenye kiti chake bila gazeti.

“Maji yakikatika,” akasema, “mimi sipigi kelele kwa koki ya mwisho. Nafuata bomba hatua kwa hatua mpaka nione palipoziba. Ndiyo kazi inayonipa heshima. Kwa mwanangu sikufuata hata hatua moja. Sikumwuliza hata swali.” Akautazama mkono wake. “Wewe ulificha, mimi nikaona raha kuamini.”

Nilitaka kumshika bega, akaliondoa, taratibu tu. Tangu siku hiyo anakula ninachopika na anasema asante kwa sauti ya mgeni. Sikulalamikii, nakueleza tu hali ya nyumba. Imenistahili.

Lakini juzi aliniita bandani. Alikuwa amesimama kando ya Kaidi. Akasema, “Washa ufunguo.” Nikawasha. Tukahesabu tano wote wawili kama watoto wa shule. Ile mota ikanguruma kidogo, kama paka anayekunwa shingo. Magurudumu yote manne yako chini kwenye udongo, mapana yale yale, na Kaidi nimeifunga kamba kwenye nguzo kama mbuzi. Baba yako akaweka mkono wa kushoto, ule ule, vidole viwili na kidole gumba kisichokunjika, akasukuma. Usukani ukaenda. Magurudumu yakageuka, udongo ukalia chini yake. Akaurudisha. Akaupeleka tena. Mimi nikaenda kuangalia kuku ambao hatuna.

Kisha akatoka nje akaniuliza, “Vipini viko wapi?” Nikamwambia viko kwenye kiberiti. Akasema, “Viache humo. Vitawekwa na mwenyewe.”

Kitambaa nimekifunga leo asubuhi. Chenyewe, chenye ukingo wa uzi mweupe. Mafundo mawili, upande wa kushoto. Nimekifunga kwa niaba yako, na sitakigusa tena, wala Cheche, wala baba yako. Hata kamati ikija na mwenyekiti wake, na Juni ikiisha ikaondoka na kazi yake, kitakaa pale. Baba yako mwenyewe ndiye aliyelisema hilo.

Sasa lile ulilonitaka. Unanijua, mimi kuita watu sioni taabu. Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimewaita wale wale wa siku ile: baba yako mdogo, mama wa duka, Cheche, Mwalimu mkuu, na kikundi changu chote cha kushona. Baba yako mdogo ameuliza, “Shemeji, unatuita tuione mota ya Mara Mbili?” Nikamwambia njoo tu. Wanadhani naringa. Mama wa duka ameniambia atavaa kilemba kipya. Nitasimama mbele ya Kaidi, pale pale palipokuwa na beseni, nitashika kile kitambaa kikiwa kimefungwa, na nitasema ni nani aliyekifungua, ni nani aliyesema “Waonyeshe,” na ni nani aliyenyamaza. Nimejizoeza mbele ya cherehani. Mimi nijuavyo sijawahi kukwama kwa maneno, mwanangu, lakini haya yanakwama kila nikifika kwenye mikate.

Nitayasema hata usipokuja. Sikuiti kwa ajili ya mota wala nati. Naogopa tu kwamba nikisema bila wewe kuwepo, wataondoka wakinihurumia mimi, na huruma hiyo si yangu.

Kwa habari zako sijamsifia mtu tangu barua yako. Siku tano. Cheche ameniuliza kama ninaumwa.

Mama yako

Ona nilivyo, nimeshatia sahihi na siku sijaitaja. Ni Jumamosi, tarehe ishirini na moja Juni, saa nne asubuhi, uwanjani kwetu, watu wote.